Mabingwa wa Mlango wa Kombo

Enzi zetu, Makorora ya Tanga, mtoto mgeni akihamia mtaani hakuulizwa kwanza jina lake wala shule anayosoma. Aliulizwa: "Wewe Chuma au Radi?" Akijibu, upande wake ulimpokea na kumega naye andazi. Akisema hajui, alitazamwa kwa huruma, kama mtu aliyeshuka kwenye gari kumbe mzigo wake umebaki Korogwe.

Chuma na Radi walikuwa mabingwa wa dunia wa ngumi, uzito wa juu. Majina yao ya pasipoti siyaandiki hapa, maana mtaani kwetu hayakuwa na kazi. Chuma alikuwa bingwa wa enzi za baba zetu, enzi za redio ya betri, watu wamejaa barazani alfajiri wanasikiliza mkwaruzo mwingi na maneno machache. Radi alikuwa wa enzi zetu sisi, enzi za video, kijana mwenye shingo kama gogo aliyekuwa anaangusha watu kabla hujamaliza kumenya chungwa. Hawakuwahi kukutana ulingoni. Radi alipoanza kuvaa glavu, Chuma alikuwa mzee anayeota jua. Kwa hiyo kazi ya kuwakutanisha ilibaki kwetu, na tuliifanya kila siku.

Ulingo wenyewe ulikuwa mlango wa kinyozi.

Kinyozi huyo alikuwa Mzee Kombo, Mdigo wa upande wa Horohoro, mpakani, mwembamba, mkono mwepesi, mdomo usiojua likizo. Kibanda chake kilinukia poda, spiriti na mafuta ya nazi. Mashine yake ya mkono ilikuwa haikati nywele, ilizing'ata, na ukilia alikwambia, "Nyamaza mwanangu, Radi kapigwa ngumi ngapi na hakulia." Yeye alikuwa Radi mpaka kwenye mifupa, ingawa umri wake ulikuwa wa Chuma. Alisema mtu anayependa vya zamani tu ni mvivu wa kutazama.

Chuma alikuwa na wakili wake, naye alikuwa baba yangu. Fundi Mhina, Mbondei wa Muheza, mchora vibao. Alizunguka mji mzima kwa baiskeli, makopo ya rangi yananing'inia kwenye usukani yakigongana, ukimsikia kabla hujamwona. Kuku aliyechorwa ukutani mwa hoteli alikuwa wake. Jino kubwa lenye tabasamu nje ya kwa mng'oa meno lilikuwa lake. Hata mto aliolalia ulinuka tapentaini. Kazi ikiisha aliegemeza baiskeli kwa Kombo, akaagiza kahawa na kashata, na mabishano yakaanza pale yalipoishia jana.

"Radi wako anapiga watu wadogo," baba alisema.

"Chuma wako alipiga watu waliokufa zamani. Tutawauliza wapi?"

"Waliokufa waliuawa na nini?"

"Malaria," Kombo alijibu, na kibanda kizima kikacheka, mteja akakatwa sikio kidogo.

Mama, ambaye aliyasikia hayo hadi kwenye mkeka wa kulia chakula, alikuwa na msemo wake. Alikuwa akisema, "Watu wazima wawili wanapigana kwa mikono ya watu wengine, na jasho linawatoka wao."

Sasa niseme habari ya mlango. Ulikuwa wa mbao, wa mabawa mawili, na Kombo alimwomba baba auchore. Baba akachora Radi kwenye bawa la kulia na Chuma kwenye bawa la kushoto, kwa upande wa nje. Kibanda kikiwa wazi hukuwaona, walikuwa wamegeukia ukutani. Lakini Kombo alipofunga kwenda kuswali adhuhuri, mabingwa wawili wa zama mbili walitoka, wakakaribiana, wakasimama uso kwa uso. Sisi watoto tuliacha hata chakula kwenda kushuhudia. Kombo, kwa uchokozi, alifunga polepole. Bawa la Radi lilikuwa jepesi, lilifika upesi bila kelele. Bawa la Chuma bawaba yake iliingia kutu. Lilikwama, likalia, halafu Kombo akalisukuma kwa bega likaja na kishindo. Upande wa Radi walishangilia kwamba bingwa wao amewahi. Baba alikunywa kahawa yake, akasema, "Anachelewa, ndiyo. Lakini mpaka yeye afike ndipo mlango unafungwa."

Picha ya Radi baba aliipata kwenye kalenda. Ya Chuma ilikuwa moja tu mtaani, nayo ilikuja imefunga bajia. Kipande cha gazeti la zamani, kimelowa mafuta hadi ukiinua juani unaiona picha pande zote mbili. Baba alikikausha, akakibandika mlangoni, akapitisha penseli. Chuma akatoka amesimama na mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia mbele, na ngumi ya kushoto imekaa nyuma inangoja. Mashoto. Na chini ya kiatu chake, kwa herufi ndogo, baba akaandika jina lake mwenyewe. Katika kazi zote alizofanya Tanga hii, sijaona nyingine aliyoiwekea jina. Hatukuwa na nyumba, tulipanga. Shamba la Muheza walishagawana kaka zake. Alikuwa na baiskeli, brashi, na Chuma.

Na ule ushoto ndio uliokuwa silaha yake. Kombo akimaliza kusifu kasi ya Radi, baba aliweka kikombe chini. "Katika wote aliowapiga, nani alikuwa mashoto?" Kombo aliendelea kunyoa. "Mtaje mmoja." Kombo aliomba maji ya kunywa. Miaka nenda, miaka rudi, hakupata jibu.

Sisi wana wa Chuma tukawa mashoto wote. Glavu zetu zilikuwa mikono ya masweta chakavu iliyoshindiliwa katani, maana Tanga kukosa katani ni kama kukosa mchanga. Zilikwaruza vibaya, mama alijua nani kashindwa kwa kuangalia mashavu. Mimi ni mtu wa kulia. Nala kwa kulia, naandika kwa kulia, lakini nikiinua ngumi nilisimama kama Chuma wa mlangoni. Watoto wa mtaa wa Mwanzange walikuja kutupiga wakarudi wameshika pua. Walizoea ngumi inayotoka upande mmoja, wakakuta mtaa mzima umegeuzwa. Walisema Makorora kuna maji mabaya. Tukaongeza majigambo, kwamba kweli, tunayanywa makusudi.

Siku moja mpwa wake Kombo, aliyekuwa anavuka Horohoro na kurudi na vitenge, alileta kanda mbili za video. Moja ya Radi, hiyo hatukuishangaa. Nyingine ilikuwa ya Chuma. Chuma mwenyewe, anatembea, anapigana. Mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona akisogea.

Kombo aliitangaza habari hiyo kama anatangaza mwezi umeandama. Jumamosi, baada ya alasiri, banda la video, zitaonyeshwa zote mbili, Chuma kwanza. Halafu akasema neno lililofanya watu waache kutafuna. "Atakayeonekana mdogo, anafutwa mlangoni. Mlango wangu umechoka kubeba watu wawili. Fundi, na utamfuta wewe mwenyewe, kwa brashi yako."

"Na akionekana mdogo wako?" baba aliuliza.

"Nitamkuna kwa wembe wangu huu huu."

Wakapeana mikono. Baba alikuwa anacheka, lakini siku zile hadi Jumamosi hakukaa mahali. Alitoka, akarudi, akaosha brashi zilizokwisha oshwa. Asubuhi ya Jumamosi mama alimwekea mbaazi za nazi na maandazi, akayaacha mpaka nzi wakayapata. Mimi niliifahamu hofu yake. Alikuwa amemsikia Chuma kwenye redio tu. Redio haionyeshi mtu akiwa mzito wa miguu.

Banda lilikuwa la makuti, mabenchi ya mbao za maboksi, jua linapenya kwa vitundu na kuwapiga watu madoa. Wazee walikaa mbele, sisi chini. Jenereta likakohoa. Chuma akatokea, picha nyeusi na nyeupe, akavua joho. Alikuwa mkubwa kuliko tulivyofikiri, watu wakaguna kwa heshima. Baba alinyoosha mgongo. Kengele ikalia. Chuma akapiga hatua mbili, akasimama.

Mguu wa kushoto mbele. Mkono wa kushoto mbele. Ngumi ya kulia imekaa nyuma inangoja.

Idi, rafiki yangu, ambaye hakujua kuficha kitu, akauliza kwa sauti, "Mbona Chuma amesimama vibaya?"

Nilimtazama baba. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nilijua anafanya nini kwa sababu na mimi nilikuwa nafanya hicho hicho. Kwenye nguzo ya ulingo palikuwa na maandishi, naye alikuwa anayasoma. Yalisomeka sawasawa, picha haikuwa imegeuka. Watu wakaanza kugeuza vichwa kumwangalia Kombo, maana sasa alikuwa na kila kitu. Miaka yote ya "mtaje mashoto mmoja" ilikuwa imeanguka chini bila kupigwa.

Kombo akasimama. "Zima," alimwambia mwenye banda. "Mkanda umegeuzwa huu."

"Umegeuzwaje?"

"Mali ya njia za panya. Vitu vikipita porini kule kwetu vinageuka, hujui? Mwaka jana nilinunua viatu vya huko, nikavivua karatasi, vyote viwili vya kushoto." Watu wakaanza kucheka. "Mimi siwezi kumfuta binadamu kwa ushahidi wa mkanda uliogeuzwa. Mungu ataniuliza. Tutangoja ulio sawa."

Mwenye banda akalalamika, mpwa akaapa kwamba mkanda ni mzima, lakini watu walishachagua. Walicheka kwa namna ya mtu aliyetua mzigo. Hata wale wa Radi. Nafikiri waliona, kama mimi, siku za mbele zitakavyokuwa kavu bila Chuma mlangoni.

Baba hakucheka. Asubuhi yake alichukua kopo la rangi nyeupe, akaniambia twende. Kibanda kilikuwa bado kimefungwa, Chuma na Radi wanatazamana. Alichuchumaa mbele ya Chuma, akafungua kopo.

"Picha zote mbili zilikuwa zinaangalia upande mmoja," alisema. Sijui kama alikuwa anasema na mimi. "Ningewachora vile, mmoja angetazama kisogo cha mwenzake. Nikaligeuza gazeti. Kazi ya dakika mbili. Halafu nikamtazama kila siku hivi alivyo, mpaka nikasahau nimemgeuza mimi."

Akachovya brashi. Kombo akatokea na ufunguo mkononi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako kaja kupaka chokaa bila kuitwa?"

"Kombo," baba akasema, "mkanda haukugeuzwa."

"Najua. Nilisoma nguzo."

"Basi niache nitimize neno langu."

Kombo akapita katikati yake na mlango, akaingiza ufunguo, akavuta. Radi akaondoka upesi. Chuma akakwama, akalia, akaja kwa kishindo, akageukia ukutani. Baba akabaki na brashi hewani, rangi inamdondokea kwenye kandambili, hana pa kupaka.

"Ukimfuta huyu mimi nitabishana na nani? Na mke wangu? Yule hanipi hata raundi moja," Kombo alisema. Akakung'uta kiti vumbi. "Kaa nikunyoe. Na ukae kimya, maana leo nina hoja mpya ya Radi, nimeilalia usiku kucha."

Baba akakaa. Haikupita muda nikamsikia: "Katika wote aliowapiga, nani alikuwa mashoto?" Kombo akaomba maji ya kunywa.

Mwaka ule niliacha shule. Walimu walikuwa wanafundisha vitu vyenye jibu nyuma ya kitabu, na mimi nilishaonja swali lisilo na jibu. Nikaondoka. Nimekuwa utingo wa malori, nimekata mkonge, nimepakia chumvi, nimebeba mizigo Horohoro, nimesukuma mkokoteni Mombasa. Nikikaa mahali miezi kadhaa miguu inaniwasha. Na kila nilipofika, jambo la kwanza lilikuwa ni kuuliza: kati ya bingwa wa zamani na wa sasa, nani angempiga mwenzake? Dereva mmoja wa lori alibishana nami kutoka mpakani hadi Segera, na mwisho akataja bingwa wa tatu ambaye sikumjua, nikakosa usingizi. Mpishi mmoja wa Pangani aliniambia mabondia wa zamani walikuwa na nguvu kwa sababu walikula ugali wa bada. Nilipomuuliza nani aliwapelekea muhogo huko Ulaya, alininyima mchuzi. Sikuwa natafuta jibu. Nilikuwa natafuta kibanda.

Baba alipofariki nilikuwa Mombasa, nikafika watu wameshazika. Mama ndiye aliyenisimulia. Siku zote za matanga, Kombo alifungua bawa moja tu la mlango wake, la Radi. Wateja waliingia kwa ubavu. La Chuma aliliacha limefungwa, Chuma ametazama barabarani peke yake.

Naye Kombo ameshakwenda. Mwezi uliopita nilikuwa Kigombe, nasaidia watu kutengeneza mashine za boti, miguu ikaniwasha kama kawaida yake, nikaja mjini nipate gari la kwenda mbele. Gari lilikuwa la mchana. Nikasema nipite Makorora kuona mlango.

Mlango uliliwa na mchwa. Mahali pale pana saluni sasa, kioo na alumini, televisheni kubwa kama meza, na mwenyewe ni Bakari, mjukuu wa Kombo, kijana mzuri mwenye adabu. Wateja wake wananyolewa nusu kichwa na nusu kinaachwa, na wanaondoka wameridhika. Zamani mtu akitoka kwa Kombo hivyo, ingekuwa kesi. Vijana watano walikaa kwenye kochi, kila mmoja ameinamia kiganja chake. Nikafikiri wanasali.

Mmoja akauliza bila kuinua kichwa, "Hivi uzito wa juu, bora wa muda wote nani?" Nikavuta kiti. Mwenzake akabonyeza simu, ikataja jina. "Ahaa," akasema wa kwanza. Basi. Mabishano ambayo baba na Kombo waliishi nayo maisha mazima yaliisha kabla sijakaa vizuri.

Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia habari za Radi, na za Chuma, mashoto, ngumi yake ya nyuma, na majina yao ya pasipoti. Bakari akaacha mashine, akatafuta kwenye simu, akaniletea. "Ba'mdogo, huyu si ndiye? Lakini mbona si mashoto?"

Ulikuwa mpambano ule ule. Nguzo ile ile.

"Simu yako imegeuza," nikasema.

Wakacheka wote. Bakari hakucheka sana. Nadhani aliniona usoni. "Kama imegeuza, ngoja nikugeuzie," akasema, akagusa gusa, akanirudishia.

Maandishi ya nguzo sasa yalikuwa hayasomeki. Na Chuma alikuwa amesimama mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia mbele, ngumi ya kushoto nyuma inangoja, kidevu kimeingia begani pale pale baba alipokiingiza. Alisogea. Ukiacha zile hatua mbili za bandani, sikuwahi kumwona akisogea. Alikuwa mzito wa miguu, kweli, baba aliogopa kwa haki. Alichelewa, akachelewa, mwenzake akampiga mbili nyepesi, halafu ule mkono wa kushoto ukatoka na mtu akaenda chini kama mlango.

"Rudisha," nikasema. Bakari akarudisha.

Vijana wakasogea kuangalia juu ya bega langu. "Huyu mashoto angemsumbua Radi," akasema mmoja, yule aliyeridhika na jibu la simu.

"Amsumbue wapi? Mzito hivyo?"

"Kwani Radi alimpiga mashoto gani? Mtaje mmoja."

Wa pili akaishika simu kuiuliza nani angeshinda, akabonyeza, akabonyeza tena. Simu haimjui Chuma huyu. Hakuna anayemjua isipokuwa sisi. Akaitia mfukoni, akaanza kubishana kwa mdomo, na wale watatu wakachagua pande. Mmoja alisema uongo mkubwa kuhusu babu yake. Mwingine akasimama kuonyesha, amekosea miguu. Nikainuka nikamrekebisha, mguu wa kulia mbele, hivi. Gari langu lilipita barabarani likipiga honi, nikaliona, nikaliacha lipite.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Bakari akatutoa nje kwa upole, vijana wakaendelea barazani bila kupumua. Sisi tuliambiwa maneno mengi yanatuharibia masomo, na kweli yaliniharibia. Hawa wana masomo yote mfukoni, na siku moja tu nimewaona wakigombania kitu kisichokuwepo.

Bakari akasukuma mlango. Kioo kikateleza, kikafika mwisho wake bila sauti. Wote walishageuka kuondoka. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale, nangoja bawa la pili.